Sakafu Moja, Magoti Mengi

Tuanze na viatu, maana hapo ndipo wageni wengi hukwama.

Ukifika kwenye gurudwara ya Kericho, ile nyumba kubwa ya ibada yenye kuba nyeupe, huingii na viatu. Unavivua, unavipanga kushoto na kulia, ndipo unapita. Ni jambo dogo, lakini hebu lete basi zima la wanafunzi uone. Wa kwanza anavua kwa mguu bila kuinama, kiatu kinarukia kule. Wa pili anaviacha vyake katikati ya mlango. Wa thelathini hana pa kukanyaga. Wakati wa kutoka kila mmoja ana kiatu kimoja mkononi na anamshuku mwenzake kwa cha pili.

"Kogo," mjukuu wangu aliniuliza, "kwani Mungu wa hawa watu hapendi viatu?"

Kogo ni nyanya, kwa wale wasiojua Kikipsigis. Nami ni kogo wa watoto wengi, kwa hiyo maswali nimeyazoea.

Nikamwambia atazame vyake kwanza. Vilikuwa na matope mpaka kwenye kamba. Huku kwetu asubuhi inaweza kuwa jua tupu, alasiri mawingu yakateremka na mvua ikamwagika, na udongo wetu mwekundu ukishika soli haubanduki. Sasa, ndani ya gurudwara watu huketi sakafuni, na wengi wao huinama mpaka paji la uso likagusa zulia. Haya niambie: matope ya kiatu chako yataishia kwenye paji la uso la nani?

Mtoto hakujibu. Alirudi kupanga viatu.

Wenyewe watakuambia kwamba kuvua viatu ni kumheshimu Mungu, na wanasema kweli. Mimi naongezea tu kwamba ndani ya heshima hiyo yumo mtu wa pili, yule atakayeketi pale ulipokanyaga. Mshike huyo mtu akilini. Nitawaeleza adabu za sehemu tatu ambazo watu wengi hukaa kwenye nafasi moja: gurudwara, kituo cha majani chai, na darasa la yoga. Kila sheria nitakayoitaja, ichungulieni vizuri muone kama hamtamkuta amejificha humo.

Waliokuja na reli

Lakini gurudwara imefikaje kwenye vilima vya majani chai?

Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa kwenda ziwani, ikafika Kisumu mwaka 1901. Kwa kazi hiyo walileta zaidi ya watu 30,000 kutoka India, wengi wao wakiwa Wapunjabi: waashi, wahunzi, maseremala, mafundi wa vyuma. Kiasi cha 2,500 walifia kazini. Wengi wa waliosalia walirudi kwao mikataba yao ilipokwisha, ila elfu kadhaa walibaki, na ndugu zao wakawafuata. Miongoni mwao walikuwamo Wasikh, wale ambao Kenya nzima huwaita Makalasinga, wanaume wenye vilemba na ndevu zisizokatwa.

Penye fundi pakaota karakana, na penye familia kadhaa pakajengwa gurudwara. Ile ya Makindu, kwenye barabara ya Nairobi na Mombasa, ilijengwa mwaka 1926. Msafiri wa kabila lolote na dini yoyote akisimama pale hupewa chakula bila kulipa, na madereva wa malori ya masafa marefu wanalijua jambo hilo vizuri kuliko wengi wetu.

Kwetu huku, kampuni kubwa za majani chai zilianza kufungua mashamba katikati ya miaka ya 1920. Sitawadanganya kwamba ardhi hiyo ilikuwa haina wenyewe. Ilikuwa ya Wakipsigis, na serikali ya kikoloni iliichukua bila kupiga hodi. Mwaka 1934 serikali hiyo ilipitisha sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, wakapelekwa Gwassi, kule karibu na Ziwa Victoria. Kwa hiyo mjue kwamba watu huingia mahali pa wenzao kwa njia nyingi, na si zote zina adabu. Vilima hivi vimeona za kila namna.

Katika mji uliokua kando ya mashamba hayo, fundi mmoja wa Kisikh aitwaye Puran Singh aliendesha karakana iliyojulikana kwa jina la Kericho Wagon Works. Baadaye alihamia Uingereza, akaanzisha jumuiya ya ibada na huduma mjini Birmingham, akafariki mwaka 1983. Wafuasi wake wanamkumbuka kama mtakatifu, na gurudwara kubwa ya Kericho imejengwa kwa kumbukumbu yake. Mji ambao wewe unaujua kwa kubadilishia matatu tu, kuna watu wanaoufungia safari kutoka ng'ambo ya bahari ili waje waketi kwenye sakafu yake.

Kikapu cha vitambaa

Ndani ya gurudwara kichwa hufunikwa. Mwanamume, mwanamke, mtoto, wote. Je, kama huna kitambaa? Mlangoni huwekwa kikapu cha vitambaa vya wageni. Unachukua kimoja, unajifunga, ukitoka unakirudisha mwenzako akitumie.

Watu hupita hapo haraka, wakachukua kitambaa na kusahau. Mimi nataka msimame kidogo. Waliotunga sheria ya kufunika kichwa walijua kwamba kuna mtu atakuja bila kitambaa, ama hakuambiwa, ama amekisahau kwenye matatu. Wangeweza kumsimamisha mlangoni askari wa kufukuza. Badala yake wakaweka kikapu. Sheria ipo, na msaada wa kuitimiza upo papo hapo, hatua moja tu kando yake. Tutakirudia kikapu hiki.

Sigara na pombe hubaki nje, hata zikiwa zimefichwa mfukoni. Simu hunyamazishwa. Kitabu chao kitakatifu, Guru Granth Sahib, chenye kurasa 1,430, hukaa mahali palipoinuliwa, nao hukiheshimu kama mwalimu wao aliye hai. Ndiyo maana hutakiwi kukinyoshea miguu. Unaikunja. Mguu ukifa ganzi, unaugeuza upande pole pole. Hakuna atakayekukasirikia kwa kuwa na magoti. Na ukitaka kutoka, pita nyuma ya watu wanaosali, usikatize mbele ya macho yao.

"Lakini Kogo, mimi ni wa kanisa la Africa Gospel. Nikiingia humo si nitalazimishwa kusali?"

Hulazimishwi. Mgeni hatakiwi kusujudu wala kukariri maneno asiyoyaamini. Unaketi kwa utulivu, unasikiliza nyimbo na ngoma ndogo zinazopigwa kwa viganja. Huenda ukagawiwa prasadi, halua laini ya moto ya unga wa ngano, samli na sukari. Huipokea umeketi, viganja viwili vimeungana. Kama una sababu ya kutokula, unaunganisha viganja na kushukuru, basi. Adabu ya mgeni haimdai aigize imani ya mwenyeji wake. Inamdai asimharibie mwenyeji ibada yake.

Mfalme kwenye mstari

Baada ya ibada huja sehemu ambayo wanafunzi hawaisahau. Inaitwa langari, nayo ni jiko na chakula cha watu wote, bure, katika kila gurudwara duniani.

Mwasisi wa Usikh, Guru Nanak, alizaliwa Punjab mwaka 1469. Katika India ya siku zake watu walipangwa kwa matabaka, na wa tabaka la juu hakukubali kula pamoja na wa tabaka la chini. Nanak na walimu waliomfuata wakaweka desturi ya kuwaketisha wote sakafuni, mstari mmoja, wakila chakula kilichotoka kwenye chungu kimoja.

Wasikh wana hadithi wanayoipenda. Wakati wa Guru (yaani mwalimu) wa tatu, Amar Das, aliyetaka kumwona Guru alitakiwa kwanza ale na wenzake. Siku moja akaja Akbar, mfalme mkuu wa dola ya Mughal, mtu ambaye amri yake ilitetemesha nchi nzima. Je, afanyiwe sheria yake? Hadithi inasema hapana. Mfalme aliketi mstarini na watu wa kawaida, akala walichokula, ndipo akaonana na Guru.

Fikirini kazi inayofanywa na sakafu hapo. Viti vina cha mbele na cha nyuma, cha mto na cha mbao tupu, na watu hujua upesi nani wa kukaa wapi. Sakafuni, tajiri na mchuuzi wa mahindi ya kuchoma wanatazamana macho kwa macho. Mzee asiyeweza kukunja magoti hupewa kiti au benchi, na hakuna anayesema amejikweza, maana sakafu iliwekwa kuwaunganisha watu, haikuwekwa kuwatesa.

Mstari huo nao una adabu zake. Unaketi pale mstari ulipofika. Usiruke nafasi mbili eti unamwekea rafiki yako. Mgawaji anakuja na ndoo ya dengu, na pengo lako linamvurugia mwendo. Usiivuke sahani ya mtu, zunguka nyuma ya migongo. Chapati unaipokea kwa mikono miwili. Chukua unachoweza kumaliza, kwa sababu wagawaji watapita tena, na tena. Anayejaza sahani kwa tamaa na kuiacha nusu amemnyima aliye mwisho wa mstari, ingawa hatamwona usoni.

Nyama haimo, na sababu yake ni nzuri kuijua. Kuna asiyekula ng'ombe, kuna asiyekula nguruwe, kuna anayeuliza nani amechinja, kuna asiyekula mnyama yeyote. Dengu, mboga, wali na chapati vinawatosha wote hao bila mtu kuuliza swali. Anayekula kila kitu anasogea kidogo, na wengine wote wanapata pa kukaa.

Nani anapika? Watu wanaojitolea. Kazi hiyo huitwa seva, huduma isiyodai malipo wala sifa. Mtu unayemjua kama mwenye duka kubwa mjini unaweza kumkuta akisugua sufuria, ama akipanga viatu vya watoto wa shule waliovirusha mlangoni. Kwenye hekalu lao kubwa la Amritsar, kule India, kazi ya namna hii huwalisha makumi ya maelfu ya watu kila siku.

Majani nayo yanataka nafasi

Najua kuna mtoto wa Bomet anayesema kimoyomoyo, "Hayo ni mambo ya mjini." Haya, twende nyumbani kwenu.

Alasiri, kituo cha kununulia majani chai. Wakulima wadogo wamefika kutoka mashambani na mizigo mgongoni, wanasubiri karani na mizani, na lori la kiwanda halijatokea. Huenda kiwanda chenu ni Kapkoros, au Mogogosiek, au Tirgaga. Ng'ambo ya Kericho huenda ni Litein, Momul au Kapkatet. Vyote viko chini ya shirika la chai la KTDA, iliyoanzishwa mwaka 1964 kama mamlaka ya serikali na leo ni kampuni ya wakulima wenyewe.

Angalia watu wanavyofanya. Kila mmoja anamwaga majani yake, anachambua, anaondoa yaliyokomaa. Yanayotakiwa ni majani mawili na chipukizi. Foleni inasogea. Mama aliyebeba mtoto mgongoni anapishwa mbele. Kijana anayejipenyeza kando anaulizwa kwa sauti ya chini, "Wewe, umetoka wapi?" na anarudi nyuma mwenyewe.

Sasa nitawaambia siri ambayo wazazi wenu wanaijua. Jani lililochunwa halijafa. Bado linapumua, na likipumua linatoa joto. Ukiyashindilia majani guniani ili mzigo mkubwa uingie, joto linakosa pa kutokea, majani yanaungua na kuwa mekundu kabla hayajafika kiwandani. Chai nzuri huanza kwa kuyaachia majani hewa. Ndiyo maana mzee wa kituo hufoka akimwona mtu anakanyaga mzigo wake kwa mguu ili utoshe.

Na hapa ndipo yule mtu wa pili anatokea tena. Majani ya kila mtu yakishapimwa, huchanganywa na kupelekwa kiwanda kimoja. Kiwanda huuza chai, na ile bonasi mnayoisubiri kila mwaka ili mlipiwe karo huhesabiwa kutokana na bei ambayo chai ya kiwanda hicho ilipata. Mkulima akificha majani makuukuu chini ya mzigo, amepata kilo zake leo, lakini ameishusha bei ya wote. Jirani aliyechambua mpaka giza likaingia analipa sehemu ya deni la mwenzake. Hawajagombana, pengine hawajuani hata kwa majina, lakini wanakaa ndani ya gunia moja.

Mkeka wa sentimita sitini

Sasa tufike kwenye yoga, maana wengi wenu mmeiona kwenye simu na mnaiuliza.

Yoga nayo ilizaliwa India, kabla ya Guru Nanak kwa karne nyingi sana, kwa hiyo msiichanganye na Usikh. Ni mazoezi ya mwili, pumzi na utulivu wa akili. Kwa baadhi ya watu ni sehemu ya dini, kwa wengine ni njia ya kunyosha mgongo tu. Desemba 2014 Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 21 Juni kuwa siku ya yoga duniani, ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2015. Nairobi, shirika la Africa Yoga Project limekuwa tangu mwaka 2007 likiwafunza vijana, wengi wao wa mitaa ya watu wa kipato kidogo, wawe walimu wa yoga. Darasa lao la Jumamosi, la bure, lilipata sifa kwa kujaza ukumbi: mamia ya watu, mikeka ukingo kwa ukingo.

Basi tuseme mwalimu wa namna hiyo amefika shuleni kwenu. Madawati yamesukumwa ukutani, mikeka thelathini imewekwa. Utafanyaje?

Kwanza hesabu. Mkeka wa yoga una upana wa sentimita 60 hivi. Nyosha mikono yako pande zote mbili. Urefu kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole unakaribia sana kimo chako. Ukiwa na kimo cha sentimita 150, mikono yako inatoka nje ya mkeka kwa sentimita 45 kila upande. Ya jirani yako nayo inatoka vivyo hivyo. Mmeshapigana vibao na darasa halijaanza! Dawa yake wanaoijua huifanya bila kusema: mmoja anausogeza mkeka wake mbele kidogo, mwingine nyuma kidogo, ili mkono wako upite mbele ya uso wa jirani bila kumgusa. Hakuna aliyepoteza hata sentimita moja, na wote wamepata nafasi ya kuruka.

Fika mapema. Mlango ukifunguliwa katikati ya mazoezi, watu thelathini hugeuza shingo. Umechelewa? Subiri mlangoni hadi wamalize zoezi, kisha uchukue nafasi iliyo karibu nawe, usivuke ukumbi ukisema "samahani, samahani, samahani."

Usikanyage mkeka wa mtu, hata ukiwa peku. Kwako ni njia ya mkato. Kwake ndipo atakapolaza shavu baada ya dakika kumi.

Oga, fua soksi, na manukato yaache nyumbani. Sisi tunaishi juu sana, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari pale Kericho, na mazoezi haya yanataka pumzi ndefu. Watu wote mnavuta hewa ile ile ya ukumbi mmoja. Unachojipulizia shingoni kinaingia kwenye mapafu ya mwenzako bila kuombwa.

Macho nayo huchukua nafasi ya watu. Msichana anayejua kwamba anatazamwa kutoka nyuma hawezi kuinama kwa raha. Mvulana mnene anayejua kwamba atachekwa akianguka hatajaribu kusimama kwa mguu mmoja. Ukumbi unaweza kuwa mpana na bado mtu akakosa pa kukaa, kwa sababu macho ya wenzake yameujaza. Tazama mkeka wako, ama umtazame mwalimu.

Mikono pia. Ukimwona rafiki hafikii vidole vya miguu, usimsukume mgongo eti unamsaidia. Mshipa wake anaujua yeye. Hata mwalimu mwema huuliza kabla ya kukugusa, na wewe una ruhusa ya kusema hapana bila kueleza sababu.

Halafu kuna jambo ambalo kila mtoto hutaka kuuliza na huona haya. Mwili ukikunjwa na kukunjuliwa, hutoa sauti. Ndiyo, hiyo hiyo. Itamtoka mtu, na huenda mtu huyo akawa wewe. Adabu yake ni rahisi: kila mmoja aendelee na zoezi. Ukishindwa kuzuia kicheko, cheka kidogo na umalize, usigeuke kumtafuta mwenyewe.

Mwisho wa darasa watu hulala chali kwa dakika kadhaa, wametulia kabisa. Kwa mtoto mwenye njaa, huo ndio wakati mgumu kuliko wote. Kama lazima uondoke, ondoka kabla hawajalala, kwa sababu mtu aliyefumba macho katikati ya umati amewaamini nyote mliomzunguka. Wakiamka, futa mkeka, ukunje, urudishe ulipoutoa. Kuna darasa la pili linasubiri nje.

Na asiyejua je?

Mpaka hapo mna sheria nyingi kichwani, na sasa naanza kuwaogopa. Maana najua mtoto aliyejifunza adabu jana hugeuka askari wa adabu leo.

Tuseme siku ya pili ya yoga anaingia mgeni, amehamia shule wiki hiyo. Ana viatu vya matope, anapita juu ya mikeka mitatu, simu yake inalia, anaketi mbele kabisa. Darasa zima linaguna. Kuna mmoja atasema kwa sauti, "Huyu naye ametoka kijiji gani?" Wengine watacheka, na mgeni atatamani ardhi immeze.

Niambieni, kati yake na huyo aliyempigia kelele, nani amevunja adabu zaidi? Mmoja amekanyaga mikeka bila kujua. Mwingine amemkanyaga mtu huku anajua.

Ndiyo sababu niliwaomba mkitazame kikapu cha vitambaa. Pale gurudwara, asiye na kitambaa hapewi hotuba. Anaoneshwa kikapu. Kituoni, mkulima mpya asiyejua kuchambua, mama mmoja husimama kando yake na kuchambua pamoja naye mpaka mkono wake uzoee. Hata bonasi ya huyo mama inaomba afanye hivyo. Kwenye yoga, mtu ananyanyuka, anamwambia mgeni kwa sauti ya chini, "Viatu tunaweka pale, njoo nikuoneshe," na wengine wanasogeza mikeka yao kidogo kushoto na kulia hadi pengo lipatikane. Imechukua nusu dakika. Waswahili walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kupona kwa mwenyeji ni pamoja na kukumbuka kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuoneshwa.

Walisema pia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwenye langari wanalitimiza neno hilo sawasawa. Mara ya kwanza unakula tu. Mara ya pili unajua pa kupita na pa kuketi. Mara ya tatu hakuna atakayekushangaa ukinyanyuka baada ya kula, ukakunja mikono ya shati na kuuliza sahani chafu ziko wapi.

Kwa hiyo siku mtakayokwenda yoga, mmoja wenu afike kabla ya wote. Asiende kuchagua mkeka mzuri. Akae mlangoni, awaoneshe wenzake pa kuweka viatu, na kila anayeingia ampe jina lake na amwulize lake.